Ngazi ya Swali na Ngazi ya Ufahamu: Uhakiki wa Maswali ya Fasihi Darasani

Makala haya yanakusudia kuhakiki jambo lililozoeleka mno katika mafunzo ya ualimu hata halihojiwi tena, nalo ni desturi ya kuyapanga maswali ya mwalimu kwa ngazi, kuanzia yale ya kukumbuka hadi yale ya kutathmini, kisha kuichukua ngazi ya swali kuwa ndiyo ngazi ya ufahamu wa mwanafunzi aliyelijibu. Mifano tutaichota katika ufundishaji wa fasihi ya Kiswahili katika shule za sekondari za Kenya, kwa sababu huko ndiko tunakokwenda kuwakagua wanafunzi wetu wakati wa mazoezi ya ualimu, na huko ndiko madhara ya desturi hii yanakoonekana waziwazi. Mwanafunzi wa kidato cha nne aweza kuandika kurasa tatu za kujadili na kutathmini riwaya ambayo hakuisoma. Mwenzake aliyeisoma riwaya ile mara mbili, ikamkaa moyoni, aweza kunyamaza tangu mwanzo wa kipindi hadi mwisho kwa kuwa maswali yanayomfikia ni ya kutaja majina tu. Kipimo kinachompandisha wa kwanza na kumshusha wa pili kina kasoro, na hatuna budi kuitafuta kasoro hiyo mahali ilipo.

Asili ya mpangilio wenyewe inajulikana. Mwaka 1956 Benjamin Bloom na wenzake wa Marekani walichapisha kitabu cha kuainisha malengo ya elimu, wakayagawa malengo ya akili katika ngazi sita: maarifa, ufahamu, matumizi, uchanganuzi, usanisi na tathmini. Waliowakusudia hasa walikuwa watahini wa vyuo vikuu. Mwaka 1966 Norris Sanders aliuingiza mpango huo katika maswali ya mwalimu darasani, na mwaka 2001 Lorin Anderson na David Krathwohl waliurekebisha, wakazipa ngazi majina ya vitenzi, na kilele wakakiweka katika kuunda. Walimu wetu wengi hawakuupokea mpango huu kwa kuvisoma vitabu hivyo. Waliupokea kwa umbo la orodha ya vitenzi, ambamo "taja" na "orodhesha" huwa chini kabisa, "eleza" na "fafanua" katikati, na "jadili", "tathmini" na "hakiki" juu. Mwalimu mwanafunzi akitakiwa kuonyesha katika azimio la somo kwamba ameuliza maswali ya ngazi za juu, hubadilisha kitenzi, na swali likahesabiwa kuwa limepanda.

Ajabu ni kwamba Bloom mwenyewe alikwisha kuonya juu ya jambo hili. Alieleza katika kitabu kile cha 1956 kuwa hatuwezi kuliainisha zoezi la mtihani pasipo kujua, au angalau kukadiria, yale ambayo mtahiniwa amekwisha kuyapitia katika masomo yake. Sanders naye alilishikilia jambo hilo hilo: swali moja laweza kuwa la kufikiri kwa huyu na la kukumbuka kwa yule. Onyo hili halikuingia katika orodha za vitenzi.

Hatuna haja ya kwenda mbali ili kulithibitisha. Tuchukue kitendawili ambacho kila msomaji wa makala haya anakijua: nyumba yangu haina mlango. Jibu ni yai. Mtoto anayetegwa kwa mara ya kwanza ana kazi kubwa mbele yake. Hana budi kuiacha maana ya kawaida ya nyumba, abakishe sifa mbili au tatu tu za nyumba, yaani kuwa na ndani na nje, kuhifadhi kilichomo na kufungwa, kisha apekue katika vitu vyote avijuavyo hadi apate kimoja chenye sifa hizo na kisicho na tundu la kuingilia. Hiyo ni kazi ya kuchanganua, ya kulinganisha na ya kuunda, yote kwa pamoja. Akitegwa kitendawili hicho hicho wiki ijayo, atajibu kabla mtegaji hajamaliza kusema, na kazi yake itakuwa ya kukumbuka tu. Maneno ya swali hayakubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni aliyeulizwa.

Kitendawili kinatufunza na jambo la pili. Katika mijadala ya maswali ya darasani hudhaniwa kuwa swali lenye jibu moja ni swali la chini, na lenye majibu mengi ni la juu. Kitendawili kina jibu moja lililowekwa na jamii, na mtegaji analijua kabla ya kulitega, lakini fikra inayotakiwa kulifikia si haba. Isitoshe, anayeshindwa haaibishwi. Hutoa mji, mtegaji akajitamba nao, kisha akatoa jibu mbele ya wote. Darasa lililo na utaratibu kama huo, ambamo kushindwa kuna bei inayolipika kwa kicheko, bado hatujalipata.

Turejee sasa katika fasihi andishi. Tangu Mtihani wa Kitaifa wa Elimu ya Sekondari ufanywe kwa mara ya kwanza mwaka 1989, vitabu teule vimekuwa mhimili wa somo la fasihi. Aina mbili za maswali zimetawala. Ya kwanza ni ile inayonukuu maneno kutoka kitabuni na kumtaka mtahiniwa aeleze muktadha wa dondoo: nani anasema, anamwambia nani, wakiwa wapi, na kwa sababu gani. Mara nyingi sehemu hii hupewa alama 4. Aina ya pili hutanguliza kauli kuhusu kitabu kizima na kumtaka mtahiniwa aithibitishe au aijadili, na hapo alama huwa nyingi. Katika warsha na semina za walimu, swali la muktadha hudharauliwa kuwa ni la kukariri, na swali la kauli husifiwa kuwa ni la kufikiri. Sisi tunaonelea kuwa hukumu hiyo imepinduka.

Swali la muktadha lina unyenyekevu, lakini ni la kweli. Halijibiki kwa urahisi pasipo kukifungua kitabu, maana maneno yaweza kutolewa katika ukurasa wowote. Aliyesoma hukumbuka sauti ya mhusika, hukumbuka nani alikuwapo mlangoni na nani alikuwa ameondoka. Tena sehemu ile ya nne, ya sababu, humlazimu mtahiniwa kujua kilichotangulia na kinachofuata. Kwa upande wa pili, swali kama "Jadili maudhui ya usaliti katika Kifo Kisimani" lina kitenzi kirefu na kazi fupi. Tamthilia hiyo ya Kithaka wa Mberia imekwisha kuandikiwa miongozo, na kila mwongozo una sehemu ya maudhui iliyopangwa kwa hoja zenye nambari. Mtahiniwa aliyezikariri hoja hizo atataja kwamba Gege amemsaliti na kumwua nduguye Mwelusi kwa tamaa ya kumwoa Alida, binti wa Mtemi Bokono, na atapata alama zake. Hakujadili chochote. Ameorodhesha, tena ameorodhesha ya mtu mwingine.

Tungeuliza nini badala yake? Tungeweza kuuliza swali dogo lisilokuwa na kitenzi cha fahari: Kwa nini Mwelusi anafia kisimani? Katika nchi ya Butangi maji ya kisima yamekuwa chini ya mamlaka ya mtawala, na wananchi wanayadai. Mwanafunzi akiulizwa swali hili kabla ya kusomewa mwongozo wowote, atalazimika kuufikiria mahali pa mauaji kuwa sehemu ya maana ya mauaji. Atajiuliza ikiwa kifo kile kingekuwa na uzito uleule kama kingetokea barabarani usiku. Ataliona jina la kitabu upya. Swali hili huanza na "kwa nini", na katika orodha nyingi huwekwa katikati ya ngazi. Tumelisikia likiulizwa darasani mara moja tu, nalo liliulizwa na mwanafunzi, si na mwalimu. Mwalimu akamwambia asubiri wafike kwenye maudhui.

Mfano wa pili ni Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed iliyochapishwa 1980 na ambayo baadaye ilitahiniwa katika shule zetu. Farashuu ni mkunga anayeingia katika nyumba ya Bwana Maksuudi kumzalisha Tamima, na Farashuu huyo huyo ana kisasi juu ya Maksuudi kwa maovu aliyomtendea binti yake, Mwanasururu. Mwalimu akiuliza, "Farashuu alikwenda kufanya nini nyumbani kwa Maksuudi?" anauliza jambo la kukumbuka. Mwanafunzi atasema alikwenda kuzalisha. Walimu wengi huishia hapo, wakaenda kwa mwanafunzi mwingine na swali jingine. Lakini mwalimu akibaki kwa mwanafunzi yule yule na kumwuliza, "Je, angekwenda kama nyumba ile ingekuwa ya mtu mwingine?" swali limegeuka, ingawa limeulizwa kwa maneno mepesi kama lile la kwanza. Mwanafunzi sasa hana budi kupima kama uzazi ule ulikuwa wema au ulikuwa mlango wa kisasi, au yote mawili. Kisha mwalimu aweza kumwuliza ni wapi katika kitabu anapoliona hilo. Swali hili la tatu, la kuonyesha mahali, ni la chini kabisa kwa kipimo cha vitenzi, lakini ndilo linalotenganisha maoni yaliyotokana na kusoma na maoni yaliyookotwa.

Hapa inafaa tuvitazame vitenzi vyenyewe, kwa kuwa Kiswahili kina mambo yake ambayo orodha za kigeni haziyajui. "Eleza" na "elewa" ni ndugu wa tumbo moja. Vyote viwili vimetokana na "elea", ambalo maana yake ni kukaa juu ya maji na pia kuwa wazi. Jambo likinielea, nimelielewa. Nikilifanya limwelee mwingine, nimelieleza. Kwa hivyo mwenye kutunga mtihani anapoandika "eleza", lugha yenyewe inamdai mtahiniwa afanye jambo liwe wazi kwa mtu ambaye halijamwelea. Ni dai kubwa. Katika karatasi zetu, hata hivyo, "eleza" limechakaa hata likawa na maana ya "andika hoja kadhaa". Kwa swali moja hudai sentensi moja, kwa swali jingine kurasa mbili, na mwanafunzi hukisia urefu kwa kuzitazama alama zilizo mabanoni. Nani basi atatuambia kitenzi hiki ni cha ngazi ya ngapi?

"Thibitisha" lina kasoro iliyo mbaya zaidi. Swali likisema, "Thibitisha ukweli wa kauli hii kwa kurejelea riwaya," limekwisha kuamua kwamba kauli ni ya kweli. Mtahiniwa aliyekisoma kitabu kwa makini akaona kuwa kauli ile ni nusu kweli, au kwamba sura ya mwisho inaipinga, hana mahali pa kuliandika hilo. Akiliandika, anajihatarisha. Tunaliita swali la tathmini, ilhali tathmini yenyewe imekwisha kufanywa na mtahini, na mwanafunzi ameachiwa kazi ya kutafuta ushahidi wa hukumu ambayo hakuitoa. Neno "jadili" lina heshima zaidi, lakini kwa kuwa mwongozo wa usahihishaji huwa na orodha ya hoja zinazokubalika, walimu wamekwisha kuwafundisha wanafunzi kwamba "jadili" husomwa "thibitisha". Wanafunzi hawakukosea kulisoma hivyo.

Si kwamba twataka maswali ya kukumbuka yaondolewe. Kinyume chake, baadhi yake yamedhulumiwa. Katika ushairi hasa, swali la maana ya neno laweza kubeba shairi zima. Mwanafunzi wa bara anayesoma shairi la Kiamu atakutana na neno "ndoo". Kwake ndoo ni chombo cha kutekea maji. Katika Kiamu "ndoo" ni "njoo", kama vile "ndia" ilivyo "njia". Mshairi anaita, na mwanafunzi anaona chombo cha maji. Akiulizwa atathmini hisia za nafsineni, ataandika aya nzuri juu ya uhaba wa maji pwani, na aya hiyo itakuwa na uchanganuzi, usanisi na tathmini, yote yamejengwa juu ya neno ambalo hakulijua. Mwalimu aliyeharakisha kupanda ngazi hataligundua kosa hili. Mwalimu aliyeuliza swali la chini kabisa, "Ndoo hapa ni nini?", angeligundua kwa muda wa dakika moja.

Tukitoka katika karatasi tukaingia katika maswali ya mdomo, mambo huwa magumu zaidi, kwa kuwa mwalimu hana nafasi ya kutunga akiwa ametulia. Sinclair na Coulthard walionyesha mwaka 1975, kwa data ya madarasa ya Uingereza, kwamba mazungumzo ya darasani yana mwendo wa hatua tatu: mwalimu huanzisha, mwanafunzi hujibu, mwalimu hutoa neno la kupokea au kusahihisha. Mwendo huo upo kwetu pia, ila una sura yake. Mwalimu huanza kulisema jibu mwenyewe, hupandisha sauti, huiacha silabi ya mwisho ikining'inia, na darasa zima huimalizia: "Kwa hiyo Maimuna ni mhusika mku...?" "Mkuu!" Kisha huuliza, "Mmeelewa?" nao hujibu kwa pamoja kwamba wameelewa. Sijapata kusikia darasa lililojibu vinginevyo. Swali hilo la mwisho lina umbo la swali la ufahamu na kazi ya nukta. Hutia kikomo kwenye aya ya mwalimu. Lakini waulize walimu wetu wachanga walijuaje kuwa somo limeeleweka, na wengi watakuambia kwamba waliuliza, na wanafunzi wakasema ndiyo.

Jambo jingine ni muda. Mary Budd Rowe alirekodi masomo ya sayansi huko Marekani, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1974 alionyesha kuwa walimu kwa wastani walisubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza, kabla ya kurudia swali au kumwita mwingine. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na idadi ya wanafunzi waliothubutu kujibu iliongezeka. Kwa sekunde 1 mtu hutoa kilicho juu ya ulimi wake. Basi hata swali la tathmini, likiulizwa na kusubiriwa kwa sekunde 1, limegeuzwa kuwa la kukumbuka. Katika shule zetu jambo hili lina uzito wa ziada. Kwa wanafunzi wengi Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu. Mwanafunzi aweza kuwa na wazo kamili katika lugha ya nyumbani na bado anatafuta kirai cha kulivisha. Kimya chake ni cha mtafuta neno, lakini huhesabiwa kuwa cha asiyejua.

Hapo ndipo ngazi za maswali zinapogeuka kuwa ngazi za watu. Mwalimu akishaamua kwamba fulani ni mzito, humpelekea maswali ya kutaja, kwa huruma, ili naye apate la kusema. Maswali ya "unaonaje" huyapeleka kwenye dawati la mbele, kwa wale wenye Kiswahili cha mjini chenye kasi. Mwisho wa muhula ana ushahidi wake: wale wa mbele wametoa majibu ya ngazi za juu, wale wa nyuma hawakutoa. Hawakuulizwa. Tumeyaona haya katika shule kubwa zenye maktaba na katika shule za kutwa ambamo wanafunzi watatu husoma nakala moja. Ni aina ya dhuluma isiyo na mdhalimu, kwa sababu mwalimu anaamini kuwa anawasaidia. Riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea, ya mwaka 2012, ina Mwalimu Majisifu aliyejipatia jina kwa mswada wa Amani. Si haba wanafunzi walioisoma habari hiyo kwa majibu ya kuazima wakasifiwa, na wenye maoni yao wenyewe wakabaki na miswada yao kifuani.

Yapo mambo ambayo mwalimu aweza kuyafanya bila kungoja mtaala wala mtihani ubadilike. La kwanza ni kuuliza kabla ya kueleza. Swali la maudhui likitangulia maelezo ya maudhui ni swali la kufikiri. Likifuata maelezo hayo ni imla. La pili ni kubadilisha kitu kimoja katika kitabu, kama tulivyofanya na nyumba ya Maksuudi, kwa sababu mwongozo hauna jibu la kitabu ambacho hakikuandikwa. La tatu, ambalo ni gumu kuliko yote, ni kubaki na mwanafunzi mmoja kwa maswali matatu au manne mfululizo, darasa likisikiliza, badala ya kutawanya maswali thelathini kwa watu thelathini. Najua kipindi ni dakika 40, na darasa huwa na wanafunzi hamsini au zaidi. Hata hivyo ningependa kujua ufahamu wa mwanafunzi mmoja kwa hakika katika kipindi kimoja kuliko kuwa na dhana juu ya hamsini kwa muhula mzima.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote Januari 2019, umeleta istilahi mpya. Kila mada ndogo ina swali dadisi lake, na upimaji una viwango vya kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na kuwa mbali na matarajio. Nia ni njema, na neno "dadisi" limechaguliwa vizuri. Lakini swali dadisi lililochapishwa katika mwongozo wa mwalimu, likaulizwa kwa maneno yale yale katika kila shule, litakuwa na jibu lake sokoni kabla ya mwaka kwisha, na mtoto atakayelikariri atawekwa katika safu ya waliozidisha matarajio. Mtahini atakayeisoma karatasi yake hatakuwa na njia ya kumtofautisha na mtoto aliyedadisi kweli. Mwalimu wake anayo, ikiwa atamwuliza swali la pili.